Mnyapara Mwidani na Watoto Wasioandikwa

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Msikimbilie kucheka wala kuinamisha nyuso, maana methali hii haina utovu wowote wa adabu. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu hawezi kumwambia mkunga, "Nizalishe, lakini usinitazame." Vivyo hivyo, mtu mwenye haja hawezi kumficha haja yake yule awezaye kumtimizia, kisha akakaa kulalamika kwamba hakutimiziwa. Methali hii wengi twaisema, wachache twaitii. Mnyapara mmoja wa barabara aliyekaa Changamwe hakuitii, na yaliyompata ndiyo haya.

Mwidani bin Boga alikuwa Mdigo wa Vanga, kule karibu na mpaka wa Tanganyika. Alikuja Changamwe mwaka 1936, kijana wa sururu na koleo, akaajiriwa katika genge la kutengeneza barabara za serikali ya Mwingereza. Alifanya kazi mpaka akawa mnyapara wa watu thelathini. Barabara ya Magongo aliijua shimo kwa shimo, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi alikuwa amekwisha kujua ni wapi patakuwa pamekatika. Alipewa nyumba ya serikali ya vyumba viwili, na humo aliishi na mkewe Mwanatatu. Alikuwa mtu mwaminifu. Hata msumari mmoja wa serikali haukuwahi kulala kwake. Lakini palikuwa na neno moja ambalo Mwidani hakumwambia mtu ukweli wake, nalo ni idadi ya watoto wake.

Kila mwezi wa kwanza wa mwaka, karani wa ofisi aliwaita watumishi mmoja mmoja na kuwauliza habari zao: mke yupo, watoto wangapi, kwenu wapi. Sasa, mtu wa pwani hulihesabu jani la mnazi na samaki wa tenga, lakini watoto hawahesabu. Ukimwuliza ana wangapi, atakwambia, "Wapo, alhamdulillahi," na mwenye adabu haulizi tena. Kutaja idadi ni kumwonyesha hasidi pa kupiga. Mwidani alilelewa katika itikadi hiyo, ila alipopata mtoto wa kwanza, aliyemwita Boga kwa jina la babake, furaha ilimzidi nguvu akamwandikisha. Hakukuwa na neno. Mwaka 1942 akazaliwa msichana, Nyamvula. Huyo naye akaandikwa, na karani akasema, "Hongera, sasa ni wawili." Kabla mwezi haujaisha, homa ikamchukua Nyamvula.

Mwanatatu alilia mpaka akanyamaza. Mwidani hakulia, lakini alikata shauri moyoni kwamba mtoto wake aliuawa na kalamu ile. Msimcheke. Aliyefiwa hutafuta wa kumlaumu, na kalamu haijui kujitetea. Tangu siku hiyo, kila alipoulizwa, alijibu, "Yule yule mmoja." Mungu akamjalia watoto wengine watano, na kila mwaka jibu likawa lile lile. Mkaguzi wa nyumba za serikali akionekana njiani, watoto walipitishwa mlango wa nyuma hadi kwa jirani, Mama Rispa, mke wa mfanyakazi wa matangi ya mafuta, aliyetoka Nyanza. Rispa alipohamia hapo aliuliza kwa nia njema, "Mzee, hawa wote ni wako?" Mwidani akamjibu, "Hapana, ni wapwa zangu, watoto wa dada." Rispa akaamini, kwa nini asiamini?

Ikafika Mei 1962, Mwidani akapewa barua ya kustaafu. Kulikuwa na kanuni moja nzuri siku hizo: mtumishi aliyetimiza zaidi ya miaka ishirini alisafirishwa mpaka kwao kwa gharama ya serikali, yeye, mkewe, na watoto wake walio chini ya miaka kumi na minane, pamoja na mizigo yao. Kwa Mwidani jambo hilo halikuwa dogo. Masika ya mwaka huo yaliharibu njia ya kusini, mabasi ya kutoka Likoni yakawa yanaishia Msambweni. Gari pekee lililoweza kufika Vanga lilikuwa lori la serikali lenye magurudumu makubwa. Na ile nyumba ilitakiwa irudishwe siku ile ile, kwa kuwa mnyapara mpya alikuwa akiingojea. Lori lile lisipowachukua, basi jamaa nzima haikuwa na pa kulala.

Karani wa ofisi alikuwa Kioko, kijana wa Kikamba, msomi na mtu wa adabu. Alimwita Mwidani ajaze hati ya madai ya safari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Hapa pana mahali pa majina ya watoto. Niandike nani?"

"Andika kama faili lisemavyo."

"Faili linasema mmoja, Boga."

"Basi ndivyo."

Kioko akaiweka kalamu chini. "Mzee, mimi hupita Magongo kila siku. Pale kibarazani kwako naona watoto wengi."

"Watoto wa mtaa hao."

"Mzee wangu, mimi si askari. Kama ni wako, sema leo. Nitawaandika wote na hakuna atakayekuuliza kitu. Lakini karatasi hii ikishapigwa muhuri na Bwana Mkubwa, mimi sina uwezo tena."

 Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Mwidani. Akamwona karani akiiokota tena ile kalamu na kuichovya winoni, na palepale akaiona sura ya Nyamvula siku ile alipofunikwa shuka. "Andika mmoja," alisema, akainuka na kutoka bila ya kuaga.

Jioni Mwanatatu alimkalisha kitako. "Baba Boga, watoto umewaandika?"

"Lori ni kubwa, Mama Boga. Litakapofika nani atahesabu? Dereva anakuja kuchukua watu, haji kufanya sensa."

"Je, kama atahesabu? Hawa nitawatia kikapuni niwafunike kwa mkeka?"

"Usiyavute mambo kwa mdomo."

"Wewe ndiye unayeyavuta kwa kunyamaza," mkewe alisema. "Nyamvula alikufa kwa homa, mume wangu. Mimi ndiye niliyemshika. Hakufa kwa wino."

 Mwidani alichukua kofia yake akaenda msikitini, ingawa adhana ilikuwa haijaadhiniwa.

Siku ya safari lori lilikuja asubuhi. Kioko alikuwa amekaa mbele na dereva, kwa sababu ndiye aliyetakiwa kupokea funguo za nyumba. Mnyapara mpya naye alikuwa amefika na mizigo yake, amekaa juu ya sanduku anangoja. Majirani walitoka kuaga. Vilipakiwa kitanda cha mbao, mabati ishirini ambayo Mwidani aliyanunua moja moja kwa miaka mingi ili ajengee kwao, cherehani ya Mwanatatu, na vyungu. Vyote vikafungwa kamba. Ndipo watoto wakatoka nyumbani kwa mstari, wamevaa nguo zao za Idi. Mbele alikuwa Dhahabu, msichana wa miaka kumi na mitatu, amembeba mdogo wao mgongoni.

Kioko aliitazama karatasi yake, akawatazama watoto. "Mzee, na hawa?"

Watu wote walikuwa wakisikia. Mwidani alitaka kusema kweli, wallahi alitaka, lakini ulimi uliozoea ukamtangulia. "Hao? Hao ni wa dada yangu."

"Ni kweli kabisa, karani," alidakia Mama Rispa, akidhani anamsaidia jirani yake, ijapokuwa yule mdogo wa mwisho alizaliwa mbele ya macho yake. "Tangu nihamie hapa mzee aliniambia ni watoto wa dada yake. Huyu mzee si mtu wa kudanganya."

"Dada gani?" Mwanatatu alipaaza sauti. "Dada yupi huyo aliyenizalia? Nimewazaa mimi, kwa tumbo hili hili!"

Dereva akacheka, kisha akaona si mahali pa kucheka. Kioko alijikuna kichwa. "Mama anasema ni wake. Mzee anasema ni wa dada. Jirani anasema ni wa dada. Mimi nifuate lipi?"

"Ni wangu," Mwidani alisema. "Karani, ni wangu, wote. Niliteleza ulimi tu."

"Miaka yote hii, mzee?" Kioko aliuliza kwa upole, na upole ule ulimuumiza Mwidani kuliko kama angetukanwa. Akaifunua karatasi. "Tazama. Mimi nilimwandika Boga kama ulivyosema. Bwana Mkubwa alipotia muhuri akamkata, kwa sababu Boga ana miaka ishirini na miwili, na yuko Tanga anafanya kazi yake. Zimebaki nafasi mbili, yako na ya mama. Kwa hesabu ya serikali, mzee, wewe huna mtoto."

 Dhahabu alimteremsha mdogo wake mgongoni, akamsogelea karani kwa heshima. Hakuwa akilia.

"Karani, huyo shangazi yetu anakaa wapi?" aliuliza. "Tuonyesheni njia, tuende kwake."

Kisha akawashika wadogo zake mikono, akawapeleka hadi kwenye ngazi ya Mama Rispa, wakaketi hapo wote. Hata mtoto wa miaka minne aliketi.

Aibu ilimshika Mwidani. Miaka kumi na mitatu alidhani anawakinga watoto wake na jicho la hasidi, kumbe jicho la mtoto mwenyewe hakulifikiria. Hakuwahi kujiuliza binti yake husikia nini anapopitishwa mlango wa nyuma. Alilisogelea lori, akashika ubao wake, akasema kwa sauti aliyozoea kuwaitia watu wa genge:

"Karani, toa kalamu. Andika. Dhahabu binti Mwidani. Matano bin Mwidani. Mwanasaumu binti Mwidani. Mwinyihaji bin Mwidani. Mwanatabu binti Mwidani." Akavuta pumzi. "Watano. Na alikuwapo Nyamvula, Mungu amrehemu, na yupo Boga. Nimezaa saba. Kama yuko hasidi hapa, amekwisha kusikia."

Hapakuwa na hasidi. Palikuwa na Mama Rispa anayejifuta machozi kwa leso, na mnyapara mpya aliyeinamisha kichwa. Kioko aliandika majina yote kwenye karatasi safi, akampa Mwidani atie dole gumba. Kisha akasema lile ambalo Mwidani alikuwa amekwisha kulijua.

"Nimeandika, mzee. Lakini karatasi ya dereva ina muhuri, hii haina. Nitaipeleka kwa Bwana Mkubwa, naye ataipeleka Nairobi. Jibu huenda likachukua wiki sita. Na utumishi wako ulikwisha jana. Ungaliniambia siku ile..." Hakumaliza.

"Dereva, wapandishe tu," mnyapara mpya aliomba. "Watoto watano ni uzito gani?"

"Kule feri ya Likoni kuna mkaguzi," dereva alijibu. "Anahesabu vichwa na kutazama karatasi. Kikizidi kichwa kimoja, kazi yangu imekwenda. Mimi pia nina watoto, ndugu yangu."

Mwanatatu akajifunga leso kiunoni. "Mimi bila wanangu sipandi."

"Wala mimi," alisema Mwidani.

Basi lori likaondoka. Kitanda, mabati, cherehani na vyungu vilisafirishwa mpaka Vanga kwa gharama ya serikali, vikapokewa na ndugu yake Mwidani, aliyeyatazama mabati akauliza wenyewe wako wapi. Wenyewe walikuwa Changamwe, watu saba katika chumba cha Mama Rispa.

"Nisamehe, baba," Rispa alimwambia usiku wa kwanza. "Nilitaka kusaidia."

"Ulisema nililokufundisha mwenyewe, mama. Huna kosa," Mwidani alijibu.

Hakuwa na mahali pengine pa kwenda kutafuta nauli. Alimwendea mnyapara mpya, akaomba kibarua katika genge lile lile alilolisimamia. Wale thelathini waliokuwa wakimwamkia kwa heshima, sasa alipanga nao foleni ya karai la kokoto. Wengine walimwonea haya, wakamwachia kazi nyepesi, naye akaikataa. Ijumaa moja alikwenda mjini na Mwanatatu wakaapa mbele ya Liwali kwamba watoto ni wao. Mashahidi walikuwa Mama Rispa na mumewe, na safari hii Rispa alisema alichokiona kwa macho: tumbo la Mwanatatu na kuzaliwa kwa yule mdogo wa mwisho. Kiapo kikatumwa pamoja na hati ya Kioko.

Siku hizo zote Dhahabu hakumkosea babake adabu. Alimtilia maji ya kuoga, alimwandalia chakula, alimwambia "Karibu, baba," akaondoka. Hakuna neno zaidi ya hayo. Zamani ndiye aliyekuwa akimsimulia mambo ya chuoni mpaka Mwidani akasinzia kitini. Mwidani alitamani hata amkaripie. Usiku alimwambia mkewe kwamba kokoto hazimwelemei, kinachomwelemea ni kimya cha mtoto yule.

Jibu la Nairobi lilifika katikati ya Julai. Kioko alilileta mwenyewe, baada ya kazi, akalisoma wamesimama nje. Serikali ilimshukuru Mwidani bin Boga kwa utumishi mwema wa miaka ishirini na sita. Lakini watoto ambao mtumishi hakuwataja alipokuwa kazini, hawezi kuwataja baada ya kuacha kazi. Ombi lilikataliwa.

"Pole sana, mzee," alisema Kioko. "Niliwaandikia mara mbili."

"Ahsante, mwanangu. Wewe uliniuliza mapema, nami nikakuficha." Akaikunja barua akaitia mfukoni. Hakumlaani mtu.

Kufikia wakati huo mvua zilikuwa zimekatika, na mabasi yalikuwa yanafika Vanga tena. Nauli ilikuwa imetimia kwa karai na koleo. Asubuhi ya Jumamosi walivuka feri, wakafika kituoni Likoni, mahali pa kukatia tikiti. Watu walikuwa wengi, mafungu ya mizigo kila mahali, na muuza tikiti alikuwa mtu wa haraka.

"Haya, mzee! Watoto wangapi?"

Swali lenyewe ndilo lile. Mwanatatu alimtazama mumewe usoni. Mwidani akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akaanza kuwagusa vichwa na kuhesabu kwa sauti, polepole, kama mtu anayejifunza kazi ngeni. "Huyu mmoja. Huyu wa pili. Wa tatu. Na yule mkubwa pale mwenye furushi, wa nne, Dhahabu huyo, binti yangu. Wanne."

"Wanne!" muuza tikiti aliita, akishika kitabu chake.

"Tuko watano, baba," alisema Dhahabu. Alikuwa amesogea mpaka ubavuni mwa babake. "Umemsahau mdogo wetu Mwanatabu, yuko mgongoni kwa mama."

"Ee! Watano!" Mwidani alisema, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. "Nisamehe, mwanangu. Kuhesabu nimeanza uzeeni."

"Utazoea," Dhahabu alimjibu, akampokea mzigo uliokuwa begani kwake. Basi lilipofika Msambweni, alikuwa bado anamsimulia babake mambo ya chuoni ya wiki sita nzima, naye Mwidani hakusinzia hata kidogo.

Walifika kwao salama, wakajengea mabati yale, na watoto wote watano wakakua mbele ya macho ya watu. Ila hati ya Kioko haikutiwa muhuri, na faili lile halikusahihishwa. Kama panya hawajalila, mpaka leo lingali linasema kwamba Mwidani bin Boga, baba wa watoto saba, alistaafu hana hata mtoto mmoja. Kweli, mficha uchi hazai.